Mlango wa Nyuma

Baba hakuwahi kuikagua nyumba ya kupanga akianzia mbele. Alizunguka kwanza. Alitazama ukuta wa nyuma, akaupima kwa macho, akauliza kichochoro kile kinatokea wapi, ndipo akarudi mbele kumwamkia mwenye nyumba. Nilikuwa na miaka tisa, nimeshika ncha ya shati lake, nikaamini kwamba ndivyo watu wote wanavyotafuta nyumba.

Ilikuwa mwanzo wa 1994, mjini Muyinga, Burundi. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye alikuwa ameuawa, miezi mitatu tu baada ya kuapishwa, na mauaji yakasambaa vilimani. Jirani akamwinukia jirani. Wako waliokimbilia mjini ili walale karibu na askari. Wako waliovuka mpaka wa Kobero kuingia Tanzania, wakajikuta katika kambi za wilaya ya Ngara, na baadhi yao walirudi wakiwa na wajukuu. Sisi tuliteremka kutoka kilimani kwetu na godoro moja, sufuria mbili, na mbuzi ambaye siku ya pili aliuzwa.

Wengi walimshauri Baba apange upande wa Mukoni, iliko kambi ya jeshi. Lakini kulala karibu na askari kwa mmoja kulikuwa usalama na kwa mwingine kulikuwa hatari yenyewe. Ilitegemea wewe ni nani, na swali hilo la wewe ni nani halikutajwa kwa sauti mbele yetu watoto. Baba, aliyekuwa utingo na baadaye dereva wa malori ya maharage, alichagua mtaa wa Waswahili.

Mitaa ya namna hiyo ipo katika miji mingi ya Burundi. Buyenzi ya Bujumbura ndiyo inayojulikana zaidi. Mitaa hiyo ilianza zama za Wajerumani na Wabelgiji, pale askari, wapagazi na wachuuzi waliotoka pwani na Kongo walipotengewa mahali pao pa kukaa mjini. Hawakuwa na kilima cha ukoo, hawakuwa na shamba la babu. Walichokuwa nacho ni lugha, biashara, na kwa wengi wao, msikiti. Ndiyo sababu Baba alipapenda. “Pale,” alimwambia Mama, “hakuna anayekuuliza babu yako alizikwa wapi.”

Sitaki kuupamba mtaa ule. Tulilala na nguo zetu za mchana. Mfuko wenye karangamuntu, vitambulisho vya wazazi, na sukari kidogo ulikaa kwenye msumari karibu na mlango wa nyuma, na sisi watoto tulijua nani atamshika nani mkono. Bujumbura nako mambo yalikuwa yanaharibika kwa namna nyingine: Kamenge na Kinama zikabaki za kabila moja, Ngagara na Nyakabiga za jingine, na mjomba wangu akaiacha nyumba aliyoijenga kwa miaka kumi na moja akiwa ameshika redio tu. Aliyechagua mtaa vibaya miaka ile hakupoteza kodi. Alipoteza watu.

Bibi mwenye lupango wetu, yaani ua tuliopanga, alikuwa mjane aliyeuza vitumbua. Lupango wake ulikuwa na vyumba sita vilivyotazamana, choo kimoja, na mwembe katikati. Baada ya mapinduzi ya Julai 1996 nchi jirani zilituwekea vikwazo vya biashara, na hadi vilipoondolewa Januari 1999 malori yalipungua na Baba akakaa miezi bila safari. Bibi hakututoa. Miezi mingine alipokea kodi kwa sukari iliyopita njia za panya kutoka ng’ambo, miezi mingine kwa Mama kumsaidia jikoni alfajiri. Hadi leo nikisikia watu wanasema nyumba fulani ni ya bei nafuu, nauliza kwanza: mwenye nyumba ni nani, na mwezi ukiwa mbaya atafanya nini? Hilo halimo katika bei, lakini ndilo lililotuweka chini ya paa.

Mlango wa mbele niliujua ukubwani. Aprili 2006 amri ya kutotembea usiku iliondolewa. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, najifunza ushonaji, na nakumbuka wiki ile kwa sauti zake: watu wanaongea nje saa nne usiku, vijana wa ligala, kijiweni kwao, wanacheka bila kuziba mdomo, baiskeli inapita na dinamo yake inavuma. Mama alitoa mkeka akautandika barazani. Baba alikaa naye, ingawa kila sauti ya pikipiki ilimfanya aangalie nyuma. Tangu hapo, nilipowaza nyumba yangu mwenyewe, niliwaza baraza. Nilitaka mahali ambapo mtu aliyevaa nguo niliyoishona angepita na watu wakamwuliza fundi wake ni nani.

Baba alifariki 2011, bila kuwahi kuishi katika mji mwingine. Mimi nilihama 2019.

Mwezi Januari mwaka huo Bunge lilipitisha kwamba Gitega ndiyo makao makuu ya kisiasa, na Bujumbura ibaki mji wa biashara. Kwetu Muyinga habari ile ilipokelewa kama mvua ya Septemba: kila mtu alianza kufikiria atapanda nini. Gitega si mji mgeni kwa ukubwa wa aina hiyo. Wajerumani waliamua kuhamishia uongozi wao huko mwaka 1912, na kabla yao wafalme walikuwa na makazi yao kwenye vilima vya jirani, kama Gishora penye ngoma. Lakini kwa kupanga nyumba, ulikuwa mji wa walimu, wanafunzi, mapadre na wauza ndizi. Mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi, alihamishiwa huko katikati ya mwaka. Nilitangulia kwa basi la kupitia Karusi, chini ya kilomita 100, na sentimita ya fundi shingoni kwa mazoea.

Siku tatu nilizunguka na komisyoneri mmoja, dalali wa nyumba, kwa teksi-moto. Mtaani Nyabiharage alinionyesha nyumba zenye kuta ndefu kuliko mtu, na geti la chuma, na bei iliyotajwa taratibu. “Hizi wanazisubiri watu wa wizara, Mama,” aliniambia kwa heshima. Kule Magarama niliona nyumba ya vyumba viwili na sebule kwa faranga 150,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba alidai miezi sita mbele. Mwaka mmoja kabla, jirani yake alisema, ileile ilikuwa nusu ya bei hiyo. Nyumba haikuwa imebadilika hata rangi. Kilichobadilika ni jina la mji.

Hapo nilifanya kosa linalofanywa na wageni. Komisyoneri alinipeleka kwenye nyumba nzuri, rahisi, karibu na barabara, akanionyesha mtu aliyejiita mwenye nyumba, tukaandikiana karatasi, nikatoa miezi mitatu. Siku ya kuhamia nilikuta familia nyingine inatundika mapazia. Nao walikuwa na karatasi kama yangu. Fedha zile hazikurudi. Zilikuwa za cherehani cha pili. Nilikaa juu ya mizigo yangu kando ya barabara na nikampigia Mama.

Mama hakunigombeza. Aliuliza neno moja: “Ulizunguka nyuma?” Kisha akasema, “Nenda Nyamugari. Subiri watu watoke alasiri. Sema umetoka Muyinga, mtaa gani, na baba yako alikuwa nani.”

Nyamugari ndiko Kiswahili kinakosikika njia nzima Gitega. Nilisimama nje ya msikiti, mizigo iko kwa muuza mkaa, nikasema nilivyoagizwa. Mzee mmoja aliwahi kupanda lori moja na Baba kwenda Kabanga, ng’ambo ya mpaka. Hakunipa nyumba. Alinipeleka kwa shefu wa katiye, mkuu wa mtaa, na shefu akanipeleka kwa mama mmoja mwenye lupango wa nyumba tatu. Faranga 80,000, miezi mitatu mbele, karatasi ikiandikwa mbele ya shefu na majirani wawili. Jioni tuliandikwa katika kaye ya nyumba, daftari la wakazi, kila anayelala humo, hata mdogo wa mume wangu aliyekuja kubeba kitanda. Najua kwa familia nyingi, hasa baada ya machafuko ya 2015, kaye ile inakumbusha misako na hodi za usiku. Sisahau hilo. Lakini jioni ile, kwa mara ya kwanza baada ya wiki, kulikuwa na watu waliojua jina langu.

Nimesikia watu wakiuogopa mtaa kama ule kwa sababu nyumba zimebanana na kelele ni nyingi. Mimi nimeibiwa mara moja tangu nihamie, pasi ya mkaa, na ilirudi kabla ya adhuhuri kwa sababu mwizi alionekana na watu watano. Rafiki yangu aliyepanga kwenye ukuta mrefu aliibiwa kila kitu mchana kweupe. Majirani walidhani ni yeye anahama, maana hawakumjua sura. Nikiulizwa usalama wa mtaa naupimaje, nahesabu watu walioko nje saa moja jioni, na wanawake ni wangapi kati yao.

Tarehe 18 Juni 2020 Rais Évariste Ndayishimiye aliapishwa katika uwanja wa Ingoma, hapa hapa Gitega, na mwaka ule kodi zilipanda tena. Mama mwenye nyumba aliniongeza 10,000 na akaniomba radhi. Halafu ikaja shida ambayo hakuna aliyeihesabu wakati wa kuchagua mtaa: mafuta. Kufikia 2024 magari yalilala kwenye foleni za vituo siku baada ya siku, na nauli ikawa ya kubahatisha. Mteja wangu mmoja alikuwa amehamia pembezoni, nyumba ya 50,000, na tulimpongeza. Teksi-velo, baiskeli ya abiria, ilimchukua 1,000 kwenda na 1,000 kurudi, siku ishirini na sita za kazi. Hiyo ni 52,000 juu ya kodi. Alikuwa analipa 102,000 kwa nyumba ya 50,000, na bado hajanunua maji.

Maji ni somo lake. Robine ya Regideso, shirika la maji, inaweza kuwepo uani na ikakauka mchana kutwa, ikatiririka saa nane usiku. Mwenye nyumba atakuonyesha robine. Wewe uliza bidoni, madumu ya maji: ziko ngapi, na zimepangwa wapi. Ukiona bidoni ishirini zimejipanga nyuma ya jiko, umekwisha kujibiwa. Kwa umeme wa kashpawa, wa kulipia kabla, nauliza kama mita ni ya nyumba yangu peke yangu au tunachangia na aneksi, nyumba ndogo ya uani, kwa sababu pasi yangu ya umeme imenigombanisha na majirani wema.

Mwaka 2025 mikoa 18 ya Burundi iliunganishwa ikawa 5. Gitega ikabaki jina la mkoa. Muyinga ikaingia mkoa mpya wa Buhumuza, ambao makao yake ni Cankuzo. Kaka yangu, aliyekuwa anapangisha vyumba viwili Muyinga kwa makarani, alipunguza kodi na bado chumba kimoja kikakaa tupu. Binti yake, aliyezaliwa 2003, alipata kazi ya duka la dawa Gitega, na mwezi wa Novemba nikaanza kuzunguka naye kama Baba alivyozunguka nami.

Tulikwenda kwa miguu, maana atakwenda kazini kwa miguu. Tulikwenda jioni. Alisalimia vizuri, akauliza bidoni, akauliza mita, akaniangalia kama ameuliza sawa. Nyumba ya nne, mtaa wa Shatanya, chumba na sebule, ilimpendeza. Alipokuwa anaongea na mwenye nyumba nilijikuta niko nyuma, nimeshika ukuta.

“Shangazi,” aliniita, “huko nyuma kuna nini?”

Nilisimama kidogo. Kulikuwa na mlango wa mbao, na kichochoro kinachotokea barabara ya pili.

“Naangalia maji ya mvua yanapitia wapi,” nilimjibu.

Yalikuwa yanapita kando ya choo, mbali na msingi. Tuliichukua kwa faranga 120,000 kwa mwezi, miezi mitatu mbele, mbele ya shefu wa katiye.