Mistari iliyoniponza

Wadau, nimeadimika humu ndani karibu wiki mbili. Si uvivu, ni aibu. Leo nimeamua kuitoa, maana nikikaa nayo itanizeesha kabla sijafika thelathini.

Kisa chenyewe ni hiki. Mhariri alinituma kuandika habari ya ukarabati wa soko moja hapa Dar. Nikakuta ramani imebandikwa kwenye ubao wa matangazo, nakala ya fotokopi. Pembeni kuna maelezo: kibanda cha mstari mzima kinabaki, cha mstari wa kukatika-katika kinavunjwa. Nikaikagua juu mpaka chini. Vibanda vyote mstari mzima! Nikapiga simu mbili, hazikupokelewa, na muda wa kufunga gazeti ndio huo. Nikaandika kwamba hakuna kibanda kitakachovunjwa.

Siku nne baadaye mapokezi wakaniita. Kuna mama lishe ananiulizia, gazeti mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ni wewe uliyeandika hapa? Nimesoma nikaenda kununua mabati mapya ya kibanda. Jana wamekuja kukipiga alama ya X."

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke.

Jioni nikamfuata rafiki yangu tuliyesoma naye chuo, siku hizi anachora ramani kwa AutoCAD. Nilikuwa nimeliomba faili la ramani ile nikapewa. Akalifungua, na kwenye skrini vibanda kumi na moja vikaonekana vya kukatika-katika, vizuri kabisa. Nikaanza kupayuka kwamba fotokopi ndiyo imeniponza. Akacheka. "Tulia kaka. Hapo unaangalia modeli. Twende kwenye leiauti, ndiyo inayochapwa."

Kwenye leiauti, mistari ikawa mizima.

Akanielewesha hivi, nami nawapa kama nilivyoelewa. Mstari wa kukatika-katika una vipimo vyake ndani ya programu. Ule unaoitwa HIDDEN, kwa vipimo vya metriki, ni kipande cha 6.35 na pengo la 3.175. Namba tupu. Ukichora kwa mita, kwenye modeli kipande kinakuwa mita 6.35, na ubavu wa kibanda ni mita 2 tu. Mstari ukiwa mfupi kuliko mpangilio wake, programu inauchora mzima. Mchoraji akaona hivyo, akashusha LTSCALE, yaani kizidisho cha mistari yote, mpaka 0.1. Kipande kikawa sentimita 63 na kitu. Kwenye skrini safi, akaridhika.

Sasa kuna kitu kingine kinaitwa PSLTSCALE. Kikiwa 1, leiauti haipimi vipande kwa mita za sokoni, inavipima kwa milimita za karatasi. Kwa hiyo ile 0.1 ikatoa kipande cha milimita 0.6 na pengo la 0.3. Kalamu ya kuchapia nayo ilikuwa na unene wa milimita 0.5. Mapengo yakamezwa na wino. Fotokopi ikamalizia.

Dawa yake haikuchukua hata dakika mbili. PSLTSCALE akaiacha 1, ili madirisha yote ya leiauti, liwe la 1:100 au la 1:50, yatoe vipande vya urefu mmoja. LTSCALE akaipandisha mpaka 0.5: kipande milimita 3 hivi, pengo 1.6. CELTSCALE, ambayo huzidisha kila mstari mpya peke yake, akahakikisha ni 1. Kisha akaandika REGENALL, maana bila hiyo leiauti inaweza kuendelea kukuonyesha ya zamani ukadhani hujabadilisha kitu. Modeli nayo isirudi kuwa mistari mizima, akaweka MSLTSCALE 1 na kuchagua skeli ya maandishi inayolingana na dirisha. Hiyo ilikuja na AutoCAD 2008.

Vibanda kumi na moja vikajitokeza. Cha yule mama ni cha tatu kutoka langoni.

Ningeweza kumtupia lawama mchoraji nikalala usingizi. Lakini maelezo yalitaja mistari ya kukatika-katika, na mimi sikuona hata mmoja. Mwandishi anayejua kazi yake angejiuliza: kwa nini mtu aeleze kitu ambacho hakipo? Mimi nilijiambia ni habari njema, nikakimbilia kuchapa.

Masahihisho tumetoa, ukurasa wa pili, mistari minne. Habari yenyewe ilikuwa ukurasa wa kwanza.

Juzi nilikwenda kumsaidia yule mama kupakia mabati kwenye mkokoteni, akayaweke nyumbani. Hakunisema hata neno. Alinipa chai na chapati, akakataa hela yangu.

Afadhali angenisema.