BLUU NDO MOTO! Kisa cha staa, mama yake na bomba la bafuni

Wadau wangu, leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani. Nina kisa cha bafuni, na kimenigusa mpaka mimi mwenyewe.

Juzi kati nilienda kumtembelea dada mmoja wa filamu, jina kapuni, anakaa nyumba ya kupanga hapa hapa Dar. Nikaomba kwenda kunawa. Kuingia bafuni, pembeni ya bomba la shawa nakuta karatasi imebandikwa kwa selotepu: BLUU NDO MOTO. Nikatoka nacheka. Yeye hakucheka.

Akaniambia karatasi ile ni ya wiki hiyo tu, ila tatizo lina mwaka mzima. Kawaida ya moto inakaa kushoto, ya baridi kulia. Kwake aliyejenga aliyapishanisha mabomba ndani ya ukuta. Fundi alikuja, akasema lazima avunje marumaru, mwenye nyumba akagoma. Fundi akamalizia, "Dada, utazoea tu." Na kweli akazoea.

Mama yake ndo hakuwa amezoea. Alikuja kutoka kijijini, akazungusha kwenye bluu kama rangi inavyosema, maji ya hita yakamshukia begani. Unajua alifanyaje? Alinyamaza siku mbili! Alidhani ni ushamba wake, kwamba vitu vya mjini havijui. Mwanae alikuja kugundua alipomkuta anajipaka dawa ya meno kwenye malengelenge. (Wadau, dawa ya meno siyo. Ukiungua, maji ya bomba ya baridi yatiririke hapo dakika 20, kisha hospitali.)

Hapo nikakaa kimya. Kabla ya kublogi, nilipomaliza form four, nilikuwa msaidizi wa fundi bomba. Hilo neno "mtazoea" nimewaambia watu wengi sana, nikachukua hela yangu nikasepa.

Nikamwambia, "Dada, una bisbisi na koleo?" Akanishangaa. Bomba lake ni lile la kitufe kimoja, unakivuta maji yanatoka, unazungusha kulia au kushoto kupata moto au baridi. Nikazima hita kwenye swichi, nikafunga koki kubwa ya maji, nikafungua bomba limalize yaliyobaki. Nikaziba tundu la sakafuni kwa kitambaa, maana skrubu ikidondokea humo umekwisha. Nikatoa kitufe, nikachomoa pini ya umbo la U, nikavuta kile kidude cha ndani ambacho mafundi wanakiita katriji. Nikageuza ule mti wake wa katikati nusu duara, nikarudisha kila kitu. Basi! Marumaru hata moja haikuguswa.

Angalizo: siyo mabomba yote yanakubali. Mengine katriji ina vijino vinavyokaa upande mmoja tu, ukilazimisha unavunja. Hayo mwachie fundi anayejua. Na kabla mtu hajaoga, jaribu kwanza kwa mkono.

Tulipofungua, nyekundu ikatoa moto, bluu ikatoa baridi. Mama akaitwa. Nikamwamkia, akaweka vidole kwenye maji, akatoa, akaweka tena. Akasema, "Kumbe sikukosea mimi."

Wadau, hiyo sentensi nimeondoka nayo. Dada yangu staa akaenda kubandua karatasi huku machozi yanamlenga. Mwaka mzima alijua bomba ni bovu, ila kwa kuwa yeye haliungui, akaliacha. Mwenye nyumba huzoea. Anayeungua ni mgeni, mtoto, mzazi aliyekuja kukuona.

Haya, wewe kwako kuna kitu gani kibovu mmekizoea ila mgeni kinamuumiza? Funguka hapo chini kwenye komenti, nasoma zote.