Diklofenaki kwenye Mfuko wa Shati

Kila daktari wa meno aliponiuliza kama kuna dawa ninayotumia, nilisema hapana. Diklofenaki, ya kutuliza maumivu, ilikuwa kwenye mfuko wa shati.

Mimi ni dereva wa watalii, naishi Karatu. Ukishapita Geti la Lodoare, la kuingilia hifadhi ya kreta, barabara ni vumbi na makorongo, na kushuka kreta ni mita 600 hivi za kukanyaga breki. Mgongo unakwisha. Madereva wengi tunameza vidonge na kuendelea na safari, na mimi sikuvihesabu kuwa dawa ya kumtajia mtu. Wakati huohuo nilikuwa nimefungwa vyuma vya kupanga meno.

Jino halihami kwa kusukumwa tu. Upande linakoelekea, mfupa huliwa. Upande linakotoka, hujengwa mwingine. Seli zinazokula mfupa huamshwa na uvimbe mdogo, na prostaglandini ni mojawapo ya kemikali zinazoziamsha. Mwaka 1971 mwanasayansi John Vane alionyesha kwamba aspirini huzuia mwili kutengeneza prostaglandini. Diklofenaki na ibuprofeni ni za ukoo huo. Paracetamol haigusi sana uvimbe, ndiyo maana wenye vyuma hushauriwa kuanza na hiyo.

Meno yalipochelewa, mimi ndiye niliyeomba kutobolewa mfupa kando ya mizizi ili yaende haraka. Wazo hilo ni la zamani: daktari Heinrich Köle, mwaka 1959, aliamini kwamba ukikata mfupa, kipande kizima huhama na jino lake. Ndugu wawili wa Marekani, akina Wilcko, walikuja na maelezo mengine mwaka 2001: jeraha huufanya mfupa upungukiwe madini kwa muda, ukalainika, kisha ukakaza tena. Kinachofanya kazi ni kidonda chenyewe. Basi nikalipa, nikatobolewa, na usiku uleule nikameza diklofenaki nipate usingizi. Nilinunua uvimbe, nikauzima mwenyewe.

Nilipomweleza daktari hakufoka. Alisema ushahidi mwingi wa vidonge hivyo kuchelewesha meno umetoka kwa wanyama, na hata kutoboa mfupa hakuleti matokeo kwa kila mtu, kwa hiyo hawezi kujua nini kilinichelewesha. Hapo ndipo nilipoumia: alikuwa amenikatia mfupa kwa kuamini maelezo yangu.

Akauliza nameza vingapi kwa siku. Nikataja nusu.

Hesabu kamili nilimtumia kwa simu baadaye, nikiwa Lodoare nasubiri vibali vya wageni.