Dua Tuliyoombwa Mikumi



Wiki iliyopita, katika darsa letu la mabibi harusi, mwari mmoja aliinua mkono. Anaolewa karibuni, mume yuko Morogoro, na nyumba atakayokaa imepakana na kanisa. Swali lake halikuwa la chumbani wala la jikoni, ambayo ndiyo tuliyozoea. Aliuliza: jirani Mkristo akikwambia "niombee", unamjibu nini? Somo mmoja akacheka, akasema mwambie inshaAllah, yaishe. Sisi tukatazamana. Swali hilo tumelala nalo na kuamka nalo tangu masika ya 2025, na hiyo "inshaAllah yaishe" tulishaijaribu, ikatushinda. Basi leo tunasimulia yote, na ruhusa ya mdogo wetu tumeichukua.

Mdogo wetu aliolewa Mikumi, na mwalimu wa ufundi. Mnajua tunavyomwandaa bibi harusi hapa kwetu. Sanduku lilijaa kanga, udi, manukato, vikuba. Somo alimfunda siku saba. Mama alimpa kiteo na mbuzi ya kukunia nazi, kana kwamba Bara hakuna. Hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba siku ya shida, mlango wa chumba cha upasuaji utakaomfungukia utakuwa na msalaba juu yake.

Kwa wasiokujua, Mikumi ni mji mdogo ndani ya wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro, pembeni mwa hifadhi ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1964. Barabara kuu iendayo Iringa mpaka Zambia inapita katikati, malori usiku na mchana, na kabla hujaufikia mji unawaona tembo na twiga kando ya lami. Hospitali inayojulikana pale ni ya Mtakatifu Kizito, ya Kanisa Katoliki. Ukienda kaskazini ya wilaya hiyohiyo, Berega, utakuta hospitali ya Waanglikana. Watu wa kule, Waislamu kwa Wakristo, wanasema tu "naenda misheni", kama sisi tunavyosema "naenda Mnazi Mmoja".

Ilikuwa Aprili, mimba ya miezi minane. Shemeji akatupigia alfajiri: mkewe ametokwa na damu, yuko misheni, amelazwa. Kondo la nyuma limekaa chini, limeziba njia. Tukapanda boti ya asubuhi. Njia fupi ilikuwa kupanda basi Dar es Salaam moja kwa moja mpaka Mikumi, lakini mama mkwe wake anakaa Kilosa mjini na hakuwa na wa kumsindikiza, kwa hiyo tukachukua treni ile mpya ya umeme, tukashuka Kilosa, tukamkuta anatusubiri na ndoo ya ndizi mbivu. Kutoka pale tukakodi Noah. Mvua ilikuwa haijakatika siku tatu.

Mama mkwe alitwambia tusiutazame mto. Mtu akikwambia usitazame, unatazama. Mkondoa ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa. Mwisho wa Desemba 2009 mto ule ulivunja tuta ukaingia mjini, reli ya kati ikakatika kati ya Kilosa na Gulwe, maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema, na wengine mahema hayo yakawa ndiyo nyumba kwa muda mrefu. Yeye alikuwa mmoja wao. Alisimulia hayo huku akimenya ndizi, akitugawia, bila kupandisha sauti.

Njiani tulipita kijiji kinachoitwa Ulaya. Ndiyo, Ulaya, ipo Kilosa. Tulicheka pale kidogo, na kicheko kile tulikihitaji.

Tulifika jioni. Mdogo wetu alikuwa amepauka midomo lakini anazungumza, anauliza tumemletea urojo au hatukumletea. Aliyekuwa akimhudumia ni sista, mkunga, mwanamke wa makamo hivi kama sisi, sauti ya chini, mikono haitulii. Sisi akilini mwetu sista ni mzungu. Tukamuuliza anatoka wapi. Akasema, "Ulaya." Tukatazamana. Akangoja mpaka sura zetu zimeharibika vizuri, ndipo akacheka: "Hiyo mliyopita leo, dada zangu."

Usiku damu ikaja nyingi. Hatutaeleza zaidi ya hapo, kwa sababu wapo wenye mimba wanaosoma. Daktari akasema anapasuliwa sasa hivi na damu ya kuongezwa itafutwe. Shemeji akatoa. Chupa ya pili ilitoka kwa kijana wa kwaya aliyekuja kumuuguza bibi yake wodi ya pili. Alisikia, akakunja mkono wa shati. Mpaka leo hatujui jina lake la ukoo.

Kabla hawajamwingiza, sista alitujia pale kwenye benchi. Akasema: "Sisi hapa hatuanzi kazi bila kusali. Sitaki niwaudhi. Mnaruhusu?" Wallahi tulibabaika. Mmoja wetu alifungua mdomo, akaufunga. Mtoto wetu yuko kitandani, na sisi tunapima maneno. Mama mkwe, Mwislamu wa Kilosa, mwenye tasbihi mkononi, ndiye aliyemjibu: "Sali, mwanangu, nasi huku tunasoma yetu. Fanya haraka." Kwake halikuwa jambo. Ukoo wake una mashehe na makatekista, wanazikana na kupelekeana wali wa sikukuu. Sisi tuliotoka kisiwani ndio tulioduwaa.

Sista akaingia. Sisi tukasoma Yasin kwenye simu, chaji asilimia tisa.

Alhamdulillah, mtoto wa kike, kilo mbili na robo. Mama yake alikaa hospitali siku kumi na mbili. Sasa ana mwana anayetambaa na kula mchanga.

Siku ya kuondoka tulimpelekea sista halua na doti ya kanga. Alipokea kanga, halua akasema atakula na wenzake. Kisha akatwambia jambo. Anahamishwa. Shirika lake linampeleka Kivu, mashariki ya Kongo, kwenye wodi ya wazazi. Ilikuwa miezi mitatu tu tangu waasi wa M23 waiteke Goma, Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata. Watu walikuwa wamehama na vyandarua kichwani, wengine kwa mara ya tatu, ya nne. Tukamuuliza kwa nini akubali. Alisema yale mafuriko ya Kilosa yalimkuta kwa shangazi yake mjini, bado msichana. Zikaja blanketi, na wakaambiwa kuna watu ng'ambo ya bahari wanawaombea. Alikuwa akijiuliza ni watu gani hao, wanatuombeaje na hata jina letu hawalijui. "Sasa zamu yangu," akasema. Halafu: "Na nyinyi mko ng'ambo ya bahari. Mniombee."

Tukasema inshaAllah.

Ndani ya boti ya kurudi hatukuwa na raha. Maana tulijua inshaAllah ile ilikuwa ya kufunga mlango kwa adabu. Na tulijuana pia. Jumapili ya tarehe 17 Februari 2013, hapa hapa Unguja, Padri Evarist Mushi alipigwa risasi akaenda zake, akiwa njiani kwenda kusalisha misa. Wengi wetu tulisema siku ile "huo si Uislamu", tukaendelea na mapishi. Ni kweli, si Uislamu. Lakini hakuna mmoja wetu aliyekumbuka kuomba Wakristo wa mtaani kwake walale bila hofu. Halikutujia, tu.

Tulipolieleza jambo hili nyumbani, shangazi yetu alikasirika. "Mnamwombea akafanye nini? Akabatize?" Tusimcheke. Shangazi alisoma shule moja ya misheni huko Bara, hatuitaji, akawekewa jina jingine kwenye daftari na kuvuliwa mtandio mbele ya darasa. Ana haki ya kuuliza.

Kwa hiyo tukalipeleka kwa ustadha wetu. Alitusomesha mambo mawili matatu ambayo tulikuwa tukiyajua kwa juu. Katika Suratul Mumtahana, aya ya nane, Mwenyezi Mungu hatukatazi wema na uadilifu kwa wasiotupiga vita kwa sababu ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Asmaa bint Abi Bakr, mama yake alimjia bado mshirikina, akamuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, akaruhusiwa kumuunga. Kisha akatupa kisa ambacho tunataka kila mwari akibebe kwenye sanduku lake. Waislamu wa mwanzo walipokimbilia Habasha, nchi ya Wakristo, walikuwamo wanawake, akiwamo Ruqayya, binti wa Mtume, na mumewe Uthman. Ummu Salama naye alikuwako, na ndiye aliyesimulia kwamba siku moja mtu alimwasi Najashi akitaka ufalme wake, na wale wakimbizi wakaingiwa na huzuni kubwa. Wakamwomba Allah ampe Najashi ushindi. Zubeir, kijana kuliko wote, akapuliza kiriba, akaogelea nacho mpaka ng'ambo ya mto kutazama vita vinaendaje, akarudi akipunga nguo yake: Najashi ameshinda. Ummu Salama alisema hawajawahi kufurahi kama siku ile.

Hebu mfikirini. Mwanamke mkimbizi, ugenini, anashika dua kwa ajili ya mfalme wa nchi ya kanisa, kwa sababu chini ya ulinzi wake yeye na wanawe wanalala.

Ustadha aliweka mipaka pia, nasi tunaiweka hapa kama alivyoiweka. Kumwombea asiye Mwislamu aliye hai afya, salama, riziki na uongofu, hakuna neno. Kuingia naye katika ibada yake, hapana. Na akishafariki nje ya Uislamu, hatumwombei maghufira. Hilo limo katika Suratut Tawba. Shangazi akauliza, na kazi yake? Ustadha akasema, kazi yake ipi, ya kuzalisha? Mwombee asipoteze mama hata mmoja. Hiyo nyingine ni baina yake na Mola wake, nawe ni baina yako na Mola wako. Shangazi akanyamaza. Kunyamaza kwake si kukubali, tunamjua.

Basi hivi ndivyo tunavyoomba, kila usiku wa Ijumaa baada ya uradi. Hatuombi apate wafuasi, tusidanganyane. Tunaomba apate maji safi, umeme usizime mtu akiwa mezani, damu ipatikane, na mtu wa kukunja mkono wa shati awepo. Tunawaombea wanawake wa Goma na Bukavu wanaojifungua. Tunaomba alale. Tukamaliza tunawaombea Kilosa mto usivunje tuta. Pengine naye huko anatuombea tuwe Wakristo. Akifanya hivyo, ndiyo imani yake, na sisi tunamwombea uongofu kwa imani yetu. Mbele ya Mungu tunajua nani ni nani.

Kuna jambo jingine ambalo lilitusumbua. Kiswahili anachokwenda kuzungumza sista na wazazi wa Kivu kilifikaje kule? Sehemu kubwa kilitoka pwani na kwetu. Misafara ilianzia Zanzibar na Bagamoyo, ikapita Usagara, nchi hiyohiyo ya Kilosa, ikaenda Tabora, Ujiji, mpaka Kasongo alikotawala Tippu Tip, Hamed bin Muhammed, ambaye nyumba yake iko Mji Mkongwe mpaka leo. Ilirudi na pembe, na pembe ilibebwa na watu, wengine wakiwa kwenye minyororo. Wamisionari waliojenga Mamboya, kule karibu na Berega, miaka ya karibu na 1880, walipita njia ileile, na wapagazi na vitambaa vyao walivipata Zanzibar. Kwa hiyo tunapoiombea Kongo hatuwaombei watu wa mbali. Babu zetu walifika kwao, na si wote walikwenda kwa heri.

Mwari wa swali, hatujui jirani yako atakuomba nini. Sisi tulikujibu pale darasani kwa kifupi, na ulituona tunafuta macho ukadhani ni vitunguu vya pilau.

Sista alituma ujumbe mara moja tu, mwezi wa Julai: amefika, mtandao ni wa shida, kanga anaifungia watoto mgongoni. Tangu hapo kimya. Alhamisi iliyopita tulikuwa tumemaliza uradi, tumeshaanza kukunja mikeka, shangazi akiwa pembeni amegeukia ukutani na tasbihi yake kama kawaida. Akauliza, bila kutugeukia, kama huko Kongo nako ni msimu wa mvua. Tukasema hatuna hakika. Akasema, basi rudisheni mkeka kidogo.