Wazazi waliohamia kisiwani na mtoto mdogo

Mvua inayonyesha kwenye milima ya Kasulu haina haraka kama abiria wa basi. Mto Malagarasi unaanzia huko juu, jirani na Burundi. Unafuata mpaka kuelekea kaskazini-mashariki, unageuka na kuingia kwenye mabwawa makubwa ya upande wa Kibondo ambako unakutana na Moyowosi, kisha unarudi magharibi kupitia Uvinza na kumwaga maji yake Ziwa Tanganyika, karibu na Ilagala. Ni mzunguko wa mamia ya kilomita. Familia inayopanda basi Kibondo alfajiri hufika Kigoma siku hiyohiyo, jua likiwa bado juu.

Njia yenyewe inafaa kwa watoto wanaopenda kukaa dirishani. Kuna migomba, mashamba ya maharage, mihogo iliyoanikwa kando ya nyumba, Makere, halafu Kasulu mjini na baridi yake ya asubuhi. Baada ya Kasulu barabara inashuka. Michikichi inaongezeka, sweta zinavuliwa moja baada ya nyingine, na mwishoni ziwa linaonekana likiwa limelala kati ya milima ya Tanzania na ile ya Kongo. Kasulu iko zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na uso wa ziwa uko kwenye mita 770 hivi. Tofauti hiyo mtoto huihisi mwilini kabla ya kuambiwa.

Wanandoa wengi wa nyanda za juu wanatamani safari hiyo: siku mbili au tatu Kigoma, kutembea Ujiji kwenye kumbukumbu ya Livingstone, kupunga upepo ufukweni Katonga, pengine kupanda boti kwenda Gombe. Kinachowasumbua ni kama wawachukue watoto au wawaache kwa bibi. Swali hilo halikuanza leo. Zaidi ya miaka 130 iliyopita mume na mke mmoja walilijibu kwa kumchukua mtoto, na hawakuja kwa siku tatu. Walihamia kisiwani.

Mume aliitwa Edward Coode Hore, nahodha wa meli kutoka Uingereza aliyeajiriwa na shirika la London Missionary Society. Alifika Ujiji mwaka 1878 na wenzake wachache. Mmoja wao, Thomson, alifariki mwaka huohuo. Mwingine, Dodgshun, aliyechelewa njiani, alifika mwaka 1879 na kuzikwa baada ya siku chache tu. Hore alibaki akafanya kazi aliyoijua: akachukua chombo cha wenyeji, akakitundikia matanga, akalizunguka ziwa. Alikuwa miongoni mwa Wazungu wa kwanza kushuhudia kwamba maji ya Tanganyika hutoka kupitia Mto Lukuga, upande wa Kongo, jambo lililokuwa na ubishi mkubwa wakati huo.

Baadaye alirudi kwao na kuja tena na mashua ya chuma iliyoitwa Morning Star. Ilitoka pwani ikiwa vipande vipande, ikavutwa na kubebwa hadi Ujiji, ambako iliunganishwa mwaka 1883. Haikuwa na injini. Ilikwenda kwa tanga, na upepo ukikatika watu walishika makasia.

Mkewe, Annie, alikuwa na safari yake. Jaribio la kwanza la kumfuata mumewe bara lilishindikana. Mwaka 1884 alijaribu tena akiwa na mtoto wao wa kiume, Jack, ambaye bado alikuwa wa kubebwa. Alipewa kiti cha magurudumu cha aina waliyokuwa wakisukumiwa wagonjwa kule Uingereza. Kwenye njia ya msafara magurudumu hayakufaa kitu, kiti kikafungwa kwenye mti na kubebwa mabegani. Siku 90, kilomita zaidi ya 1,300. Walifika Ujiji Januari 1885, na kitabu alichochapisha Annie London mwaka uliofuata kimepata jina lake kutokana na kiti hicho. Waliokibeba hawatajwi sana na wanaoisimulia habari hii, ingawa mama na mtoto walifika kwa mabega yao.

Hawakukaa Ujiji. Mji ule ulikuwa na soko kubwa, misafara, na biashara ya pembe na ya watumwa, na kwa Hore ulikuwa pia mahali alipowapoteza wenzake. Walipanda chombo wakavuka hadi Kavala, kisiwa kidogo kusini-magharibi mwa Kigoma, karibu na ufukwe ambao leo ni wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hapo ndipo walipofanya kituo cha vyombo vya shirika na nyumba yao hadi mwaka 1888.

Mzazi yeyote anaweza kuona kwa nini walikipenda. Kisiwa kina upepo pande zote, maji ya kina mlangoni na mahali tulivu pa kufunga mashua. Ziwa hili lina kina kinachofika mita 1,470 hivi, na duniani linapitwa na Baikal peke yake, kwa hiyo maji yake mbali na vijiji ni meupe kama ya chupani. Mtoto mdogo angeweza kukimbia mchangani siku nzima.

Lakini sababu kubwa ilikuwa afya, na hapo ndipo kisa kinapomhusu mzazi wa leo. Wakati ule madaktari wengi waliamini homa inaletwa na hewa chafu inayopanda kutoka kwenye matope na mabwawa. Neno malaria lenyewe limetokana na Kiitaliano, maana yake hewa mbaya. Mtu akiamini hivyo, kisiwa chenye upepo ni dawa. Kwini walikuwa wanaijua na waliitumia. Mdudu hawakumjua. Mfaransa Laveran alikuwa amekwisha kuona vimelea kwenye damu ya mgonjwa huko Algeria mwaka 1880, lakini mwaka 1897 ndipo Ronald Ross, akiwa India, alipovikuta ndani ya tumbo la mbu. Familia ya Hore ilikuwa imeshaondoka Kavala miaka tisa kabla.

Tena si kwamba hakuna aliyekuwa anajua. Daktari Mjerumani Robert Koch alipofika Usambara mwaka 1898 alikuta watu wa milimani wanasema kwamba wakishuka tambarare huumwa na wadudu, kisha hupata homa. Mdudu waliita mbu, na ugonjwa nao wakauita mbu. Wakulima wa milimani walikuwa na jibu ambalo maabara za Ulaya zilikuwa zinalitafuta kwa darubini. Kwa watu wa Kasulu na Kibondo, wanaoshuka ziwani kama Wasambaa walivyoshuka tambarare, habari hii haina ugeni wowote.

Ila tofauti ipo. Siku hizi mtoto wa Kibondo haendi kukutana na malaria ziwani, maana anaishi nayo nyumbani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikuta karibu mtoto mmoja kati ya wanne wenye umri chini ya miaka mitano mkoani Kigoma ana vimelea vya malaria, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote. Baridi ya asubuhi huwadanganya wazazi. Hivyo kumwacha mtoto kwa bibi kwa kuogopa mbu wa Kigoma, huku kwa bibi hakuna chandarua, ni kumkimbizia mtoto palepale.

Kinachoharibu safari nyingi ni mambo madogo. Chandarua huachwa nyumbani kwa sababu mtu anaamini nyumba ya wageni itakuwa nacho. Mara nyingi kipo, ila kimetoboka au hakina dawa, na familia ya watu wanne haienei chini ya cha kitanda kimoja. Chenu cha nyumbani, kile mama alichopewa kliniki, kinakunjika na kuingia kwenye mfuko.

Jambo jingine ni kalenda. Mtu akiumwa na mbu leo, homa haiji kesho. Kwa kawaida huchukua wiki moja hadi mbili, au zaidi. Mtoto anarudi Kibondo mzima, anakwenda shule, halafu siku ya kumi anachemka, na mzazi amekwisha kusahau ziwa. Anadhani ni mafua. Homa yoyote baada ya safari ipimwe zahanati ndani ya siku moja, na ikikutwa malaria, dawa mseto inywewe siku zote tatu hata kama mtoto ameanza kucheza siku ya pili.

Majini kuna mawili ya kuangalia. Kichocho hukaa mahali konokono wanapokaa, yaani maji yaliyotulia yenye majani na matete, hasa karibu na makazi. Ufukwe wa mawe na mawimbi una hatari ndogo zaidi. La pili ni boti. Miezi ya kiangazi, kati ya Mei na Septemba, upepo wa kusini unaweza kuliamsha ziwa ghafla, na mawimbi yake ni ya bahari. Boti isiyo na jaketi okozi la saizi ya mtoto haifai kupandwa na mtoto, hata kama nahodha ni shemeji yako.

Wapo wazazi wa Kasulu na Kibondo ambao hawahitaji kuambiwa hayo. Mwaka 2015 maelfu ya familia zilizokimbia Burundi zilikwama Kagunga, kijiji cha ufukweni kisichofikika kwa gari. Kipindupindu kiliwakuta hapo. Meli ya zamani ya Liemba na vyombo vingine viliwasafirisha hadi Kigoma, na kutoka hapo walipandishwa mabasi kwenda kambi ya Nyarugusu. Kwa mama aliyemshika mtoto mgonjwa kwenye sitaha siku ile, boti ya matembezi ni kitu kingine kabisa. Mumewe akimwona anasita gatini, asimharakishe.

Edward na Annie Hore walirudi Uingereza na mtoto wao mwaka 1888. Walikuwa wamemvusha ziwa, wamemlea kisiwani, wamemrudisha pwani akiwa hai, jambo ambalo wazazi wengi wa misafara ile hawakulipata. Mwaka 1889 Jack alifariki London, akiwa bado mtoto. Nahodha alirudi baharini, na miaka yao ya mwisho waliimalizia Tasmania, mbali sana na Tanganyika.

Kavala bado iko kule ng'ambo, ila kwa familia ya Kibondo si safari ya mwisho wa wiki, maana kuna mpaka wa nchi katikati. Wanaotaka kuhisi walichokihisi wale wawili wanaweza kukaa Kibirizi au Katonga jioni, usiku usio na mwezi, wavuvi wa dagaa wanapotoka. Taa zinawashwa moja moja hadi ziwa linafanana na mji. Upepo ni mzuri, watoto hawataki kuingia ndani, na juu ya kitanda cha nyumba ya wageni baba amesimama na kamba mdomoni, anatafuta msumari wa kufungia chandarua.