Rubani wa Momela

Kwetu Unguja mtu akisema amepanda chombo, haulizwi chombo gani. Hujulikana ni cha baharini. Basi pale binti wa marehemu kaka yangu aliponiarifu kutoka Usa River, anakofundisha, kwamba nitakapomaliza kazi yangu ya tafsiri mjini Arusha tutakwenda pamoja kupanda chombo, nilidhani ananitania. Bahari gani iliyoko huko juu, chini ya mlima Meru wenye kimo cha mita 4,566? Akanijibu kwa neno moja: Momela.

Yafaa niseme mapema kwa nini jibu lile halikunifurahisha. Kaka yangu alikuwa miongoni mwa abiria wa meli iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikitoka Unguja kwenda Pemba. Wasomaji wa kurasa hizi hawana haja ya kusimuliwa. Siku zile kila mtaa ulikuwa na msiba wake. Meli ilijazwa watu kupita kiasi chake, na hadi leo hesabu ya waliokuwamo ina ubishi. Kaka hakupatikana. Binti yake alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na tangu hapo hakutia tena mguu katika chombo. Alipokwenda masomoni bara alipelekwa kwa ndege, kwa fedha zilizochangwa na ukoo mzima. Mimi mwenyewe, mtoto wa nahodha wa jahazi, huvuka kwenda Dar es Salaam nikiwa nimefumba macho, wala sioni haya kulisema.

"Bila wewe, ami, siendi," aliniambia kwa simu. "Na nisipokwenda sasa, sitakwenda tena."

Tukaondoka alfajiri. Momela si ziwa moja, ni kundi la maziwa madogo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, yaliyoko mashariki ya Meru. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mlima ule ulivunjika, ukaporomoka na kutandaa bondeni, na katika mashimo yaliyobaki maji yakatuama. Ni maji ya magadi, na kila ziwa lina rangi yake, kwa kuwa kila moja hulea viumbe vyake. Wamarekani walifika pande hizo kupiga filamu yao iliyotoka mwaka 1962, wakaipa jina kwa lugha yetu: Hatari! Nililikumbuka jina hilo tulipofika ukingoni mwa Momela Ndogo na kuona mitumbwi minne imelala juu ya nyasi, na mbali kidogo, vichwa vya viboko juu ya maji.

Aliyetupokea alikuwa kijana wa Kimeru wa miaka thelathini na kitu, mfupi, mwenye mabega ya mchukuzi. "Shikamoo mzee," akasema. Nikamwitikia, nikamwuliza yeye ndiye nani pale. Akacheka, akasema kwa Kiingereza cha mjini yeye ni "gaidi". Huko Arusha watembeza wageni husikika wakiitwa hivyo bila ya kushtuka, ilhali kwetu gaidi ni mtu wa kufungiwa mlango. Nikamwambia, mwanangu, sisi tunalo neno la kazi yako, nalo ni la zamani kuliko ndege: rubani. Kabla halijarushwa angani, neno hilo lilikuwa la mtu aongozaye chombo katika maji asiyoyajua mwenye chombo. Rubani alichukuliwa Malindi mwaka 1498 kumvusha Vasco da Gama hadi Kalikut, na sisi watu wa pwani tungali tunagombana juu ya jina lake. Kijana alilirudia neno mara mbili, kisha akaniuliza swali ambalo sijaulizwa tangu utotoni. "Rubani anauliza: mzee unajua kuogelea?"

Nikasema sijui. Mwanangu akanigeukia kwa mshangao, maana alikuwa akiamini kwamba najua.

Kijana hakusema neno. Alikaza mikanda ya jaketi langu la kujiokolea mpaka nikakohoa, akavuta mabegani kuona kama litanipanda shingoni. Kisha akatupanga: yeye na askari wa hifadhi mwenye bunduki, msaidizi wake, na wageni watano, jumla watu wanane, wawili kila mtumbwi. Akatutaka tujihesabu kwa sauti, kila mmoja namba yake, tuishike. Mwanangu alikuwa wa sita, mimi wa saba.

Hapo ndipo ilipofika gari nyingine, na ndani yake familia ya wageni na dereva wao. Walikuwa wamechelewa zamu yao na walitaka kuingia pamoja nasi. Dereva alisema wamelipa. Mama akasema mtoto wake ni mdogo, atampakata. Baba akasema wao si wazito. Kijana aliwasikiliza wote kwa adabu, kisha akasema, "Mtumbwi ni wa wawili." Wakaomba basi wangoje duru ya pili. Akatazama mlimani, akasema adhuhuri upepo utashuka, na leo hapatakuwa na duru ya pili. Dereva alipandisha sauti, akamtajia fedha atakazozikosa na barua atakayoandikiwa na wakubwa wake. Kijana akajibu kwa upole uleule, "Kaka, waandikie. Mtumbwi ni wa wawili."

Niligeuka kumtafuta mwanangu. Alikuwa amesimama nyuma ya mtumbwi, ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio, analia bila ya sauti. Nilijua analia nini. Miaka yote hii tumewaza juu ya mawimbi, mkondo, kiza na majaaliwa. Wala hatukupata kuona kwa macho yetu jambo lenyewe lilivyo dogo: mtu mmoja mwenye mamlaka ya ukingoni, anayesema hapana na kuikosa nauli.

Gari ilipoondoka nilimwuliza kijana alijifunzia wapi ukaidi ule. "Jinja, mzee." Alikwenda Uganda akiwa kijana mdogo, akaajiriwa kubeba mitumbwi ya mpira inayoshuka maporomoko ya mto Nile, kisha akafundishwa kuiongoza. Huko, alisema, mtumbwi kupinduka si ajabu. Ndiyo maana hutangulia watu katika vidau vyepesi wa kuwaopoa walioanguka. Wakubwa wake walikuwa wakiwasimamisha ukingoni, juu ya poromoko, walitazame hata kama walilishuka jana. Maporomoko aliyojifunzia hayapo tena. Yalifunikwa bwawa la umeme la Bujagali lilipojazwa maji, mwishoni mwa mwaka 2011.

"Mwaka uleule," akasema mwanangu. Kijana hakuelewa, wala hatukumweleza.

Tukaingia majini. Nilipewa kafi, na ajabu ni kwamba mikono ililikumbuka. Kijana alitangulia, akitupitisha maji machache karibu na nyasi, kwa kuwa kiboko akishtuka hukimbilia kilindini, na anayemzibia njia ndiye anayeumia. Kila baada ya kitambo aligonga ubavu wa mtumbwi kwa mpini wa kafi, ko ko ko, ili walioko chini wajue tupo na waibue vichwa tuwaone. Baba yangu alikuwa akiligonga jahazi vivyo hivyo usiku wa kiza, akipita penye nyavu za wenziwe. Mwanangu alikaa omo, mimi tezi. Kwa nusu saa hakugeuka wala hakusema. Kisha akatia vidole majini, akaviramba, akatema. "Ami, si chumvi ya kwetu hii," akasema.

Upepo ulishuka kabla ya saa sita kama alivyosema. Tulikuwa tumekwisha rudi. Mitumbwi ilipopandishwa nyasini kila mtu alianza kuvua jaketi, na kijana akatuzuia, akasimama mbele yetu, akataka hesabu. Moja, akasema askari. Mbili, tatu, nne, tano.

"Sita," akasema mwanangu, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Nami nikasema saba.