Sifuri Bila Daraja

Sifuri yangu ya kwanza ilidondoka. Nilikuwa naikata kwa wembe kwenye filamu kuukuu ya eksirei, kifua cha mtu nisiyemjua, nikazungusha mpaka mwisho bila kuacha kitu. Kipande cha katikati kikaanguka kwenye vumbi. Nikabaki na tundu la yai.

Fundi alicheka sana. "Ukipaka rangi hapo utapata nini? Doa tu. Kijana wa kampasi, achia daraja!"

Daraja ni vile vipande vyembamba vinavyoshikilia tumbo la herufi lisitoke. A, B, D, O, P, Q na R zinalitaka; kwa tarakimu ni 0, 4, 6, 8 na 9. L na C hazisumbui mtu. Ndiyo maana maandishi ya stensili, kwenye magunia, masanduku ya jeshi na milango ya malori, huonekana yamekatikakatika.

Hiyo ilikuwa kwenye banda la jua kali hapa Nakuru, mwezi wa tatu tangu niache chuo. Nyumbani hawakujua. Nusu karo aliyotuma mama nilikuwa nimeilipia rent.

Usiku nilisoma mambo ya herufi kwenye simu. Mwaka 1937, huko Marekani, Robert Hunter Middleton na Gerry Powell walitoa kila mmoja fonti ya mtindo huu, wakipishana mwezi mmoja tu. Nene, herufi kubwa pekee. Kwenye kompyuta hakuna kitu cha kudondoka, kwa hiyo daraja limebaki pambo. Kuna mkahawa mjini umeandika menyu yote hivyo, hadi bei ya chai, kana kwamba chai hiyo imeshushwa kutoka behewani. Mimi huona mikato tu na kutafuta nani alishika wembe.

Siku moja likaja lori la kubeba viazi. Mwenyewe alitaka uzito wa gari likiwa tupu uandikwe mlangoni: 8,060 KG. Kila tarakimu ilitaka daraja. Nilikata asubuhi nzima, nikabana filamu kwenye bati, nikagonga rangi nyeupe kwa sponji, kidogo kidogo isivuje. Ilitoka safi. Fundi hakusema neno, na kwake hiyo ni sifa.

Mwenye lori ndiye aliyesema. "Wewe si kijana wa Mama Wambui, Elburgon? Si tuliambiwa uko chuo?"

"Tumefunga, mzee."

Aliangalia mikono yangu, akalipa, akaondoka.

Jumapili mama akapiga simu. Aliniuliza kama nimekula. Kisha akasema, "Yule mzee wa viazi alipita hapa sokoni. Amenionyesha mlango wa lori."

Nikanyamaza.

"Hizo sifuri," akasema, "mbona zimekatika?"

Nilimweleza kwanza habari ya daraja. Halafu nikamweleza ya karo.